Mafungu Matatu

Mzee alikuwa amepanga bidhaa yake mafungu matatu, kama mama muuza nyanya anavyopanga nyanya zake. Fungu la kwanza lilikuwa kamera, mlango wake umefunguliwa, lenzi imetokeza mbele. La pili lilikuwa mkoba wa ngozi wenye vikasha sita vyembamba vya bati. La tatu lilikuwa boksi la kadibodi lililofungwa kwa uzi, na ndani yake vipande vya kioo vimekaa wima kama vitabu kabatini. Ilikuwa Jumamosi asubuhi mjini Dresden, kwenye soko la vitu vya zamani kando ya mto Elbe, na baridi ilikuwa ya kukata masikio. Fungu la kwanza na la pili yalikuwa na bei kwenye vipande vya karatasi. Boksi halikuwa na karatasi.

Nikauliza vile vioo ni kiasi gani.

"Hivyo chukua tu, bwana, ukinunua kamera," mzee akasema. "Au uniachie. Kuna jamaa hupita kila mwezi, huvikwangua na kuvitengenezea fremu."

Nikafungua uzi, nikatoa kimoja na kukiinua kwenye mwanga. Alikuwa mwanamke amesimama na baiskeli mbele ya ukuta. Kwa kuwa ni negativu, uso wake ulikuwa mweusi, nywele nyeupe kama pamba, na gauni lake jeupe limekuwa giza tupu. Lakini ungeweza kuhesabu vifungo vya gauni lile. Ungeweza kuhesabu spoku za gurudumu. Mtu huyu alikuwa ametulia mbele ya mtu anayemfahamu, hilo lilionekana hata kwenye rangi zilizopinduka, na sasa alikuwa anangojea wembe wa kumkwangua ili kioo chake kifunike picha ya mtu mwingine.

Nimekuwa nikizipenda kamera hizi kwa miaka mingi, na kwa muda mrefu sikuweza kueleza kwa nini mazungumzo ya bei zake huniacha na jambo moyoni. Siku ile, mbele ya mafungu matatu, ndipo nilipolishika. Soko la vitu vya kale huishi kwa kutenganisha. Hutenga lenzi na kamera, kamera na mkoba, mkoba na mabamba ya kioo, mabamba na majina. Kila kipande hupata bei yake, na kila kinapotengwa kuna kitu kinachodondoka katikati ambacho hakuna anayekiokota.

Kwa asiyewahi kuishika, niieleze kidogo. Kamera ya kukunja ya mabamba, ikifungwa, ni kama kitabu kinene kilichovikwa ngozi nyeusi. Unabonyeza kitufe kilichojificha chini ya ngozi, na mlango wa mbele unashuka na kuwa kibaraza chenye reli mbili. Unabana vishikio viwili vidogo kwa vidole, unaivuta lenzi mbele juu ya reli hadi inaponasa, na nyuma yake mikunjo ya ngozi inafunguka kama kodiani. Mgongoni kuna kioo cha ukungu kilichozungushiwa kifuniko kinachosimama pande nne kuzuia jua. Ukifungua shata na kuinamia kioo hicho, unaiona dunia imepinduliwa, juu chini, kulia kushoto. Asubuhi ile mto Elbe ulipita juu kabisa ya kioo, mawingu yakawa chini, na watu wa sokoni walitembea wakining'inia kama popo. Unazungusha kifundo cha pembeni taratibu, ukungu unakatika, na sura inakaa.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Unafunga shata. Unachagua kasi na ukubwa wa tundu la lenzi, unakaza springi. Unatoa kioo cha ukungu na mahali pake unatelezesha kikasha chenye bamba, kisha unavuta kibati kinacholilinda dhidi ya mwanga. Kuanzia hapo huoni tena kitu ndani ya kamera. Kila ulichokiona kwenye kioo inabidi ukibebe kichwani. Unabaki kumtazama unayempiga picha kwa macho yako mawili, yeye wima na wewe wima, na kidole chako kiko kwenye kitufe. Mimi hili hunigusa kila mara. Katika ule muda wenyewe ambao mwanga unaingia, mpiga picha wa mabamba hajajificha nyuma ya kitu chochote. Anaonana na mtu ana kwa ana.

Kisha unarudisha kibati, unatoa kikasha, unakiweka upande wa vilivyokwisha kutumika. Mwenye vikasha sita alitoka nyumbani na picha sita, basi. Ilimbidi awaze ni nani na ni nini kinachostahili mojawapo ya zile sita.

Bamba la kawaida la Wajerumani lilikuwa la sentimita 9 kwa 12. Piga hesabu: hizo ni sentimita 108 za mraba. Kamera ndogo ya Leica, iliyozinduliwa kwenye maonesho ya biashara ya Leipzig mwaka 1925, ilitumia kipande cha filamu cha milimita 24 kwa 36, ambacho hakifiki hata sentimita 9 za mraba. Oskar Barnack, aliyeibuni Leica, alikuwa na pumu, na inasimuliwa kwamba kubeba kamera nzito ya mabamba milimani kulimchosha hadi akaanza kuwaza kitu cha kutia mfukoni. Siwezi kumlaumu mtu aliyekosa pumzi. Lakini bamba lina zaidi ya mara kumi na mbili ya nafasi ya kipande kile cha filamu, na ndiyo maana vifungo vya gauni vilihesabika bila kioo cha kukuza.

Jina lililogandamizwa kwenye ngozi ya kamera ya mzee lilikuwa Zeiss Ikon, na aina yake Maximar. Mkusanyaji akisoma hivyo anajua papo hapo kwamba haikutengenezwa kabla ya 1926, kwa sababu mwaka huo ndipo kampuni nne zilipoungana na kuzaa Zeiss Ikon: Ica na Ernemann za Dresden, Goerz ya Berlin na Contessa-Nettel ya Stuttgart. Ica yenyewe ilikuwa zao la muungano mwingine wa 1909. Dresden ilikuwa kwa kamera kama Zanzibar ilivyokuwa kwa karafuu. Ukienda mtaa wa Striesen utaliona jengo la zamani la Ernemann na mnara wake, siku hizi likiwa makumbusho ya ufundi. Lenzi ya kamera ile ilikuwa Tessar kutoka Jena, vioo vinne katika mafungu matatu, mpango uliobuniwa na Paul Rudolph mwaka 1902. Shata yake ilikuwa Compur, iliyotengenezwa na Friedrich Deckel kule München, kasi yake kubwa 1/200 ya sekunde. Miji mitatu ilikutana kwenye kitu kinachoenea viganjani.

Ukiona vyaelea vimeundwa, wazee wetu husema, na mimi huongeza swali: vimeundwa na nani, na yaliwapata yapi? Mkurugenzi mkuu wa kwanza wa Zeiss Ikon alikuwa Emanuel Goldberg, mwanasayansi Myahudi aliyekuwa akiongoza Ica. Mwaka 1933 wanamgambo wa Kinazi walimteka, akalazimika kuacha kazi na kuihama nchi. Jina la kampuni likaendelea kugandamizwa kwenye ngozi kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwezi Novemba 1942 Wayahudi karibu 300 kati ya waliosalia Dresden walihamishiwa kambi ya Hellerberg na kufanyishwa kazi kwa nguvu kwenye kiwanda cha Zeiss Ikon kilichoitwa Goehle. Machi 1943 wakasafirishwa kwenda Auschwitz. Mabomu ya Februari 1945 yalipouangukia mji, wao walikuwa wameshaondoka karibu miaka miwili.

Kamera niliyoishika kando ya Elbe ilitoka kiwandani kabla ya hayo ya 1942, wala sidai kwamba ngozi yake imebeba dhambi. Nasema tu kwamba vitabu vya bei za kamera hueleza kwa makini mwaka ambao herufi za nembo zilibadilika umbo, na sijaona kimoja kinachomtaja Goldberg kama sehemu ya kile unachokinunua. Na hilo pia ni kutenganisha.

Bei yenyewe hupangwaje? Kamera hizi zilitengenezwa kwa wingi mno, kwa hiyo ile ya kawaida ya 9 kwa 12, ngozi nyeusi, lenzi ya wastani, unaweza kuipata leo kwa bei ya jozi ya viatu. Watu hushangaa wakisikia. Wanadhani kilichofikisha miaka tisini lazima kiwe ghali, lakini umri peke yake haujawahi kumtajirisha mtu. Kuna kamera ya Kirusi, Fotokor, iliyotengenezwa Leningrad kati ya 1930 na 1941 kwa kufuata mfano wa Kijerumani. Zilitoka zaidi ya milioni moja, na wakusanyaji wengi huipita bila kugeuza shingo.

Kinachopandisha bei kwanza ni lenzi. Tessar hupita lenzi za vioo vitatu, Heliar ya Voigtländer hupita Tessar. Pili ni uadimu: Bergheil ndogo ya Voigtländer iliyovikwa ngozi ya kijani, mikunjo nayo ya kijani, humtoa mtu jasho mnadani. Tatu ni hali. Mikunjo huwa na matundu madogo kwenye pembe, na ili uyaone unaingia chumba cha giza, unatia taa ndogo ndani na kutazama kwa nje. Ikiwa mizima, unaona giza. Ikiwa mibovu, unaona nyota. Shata nayo unaisikiliza. Ukiweka sekunde nzima, meno yake yanapaswa kuimba kwa mlio mmoja mpaka mwisho. Ikigugumia katikati, mafuta yameganda.

Haya yote ni elimu nzuri, nami nimeipenda. Lakini kwenye suala la hali ndipo njia zangu na za wenzangu zinapoachana. Bei ya juu kabisa hupewa kamera iliyo kama mpya: ngozi haijakwaruzwa, nikeli inang'aa, boksi la dukani lipo, na hata karatasi ya maelezo haijakunjwa. Maana yake ni kamera ambayo mtu aliinunua kisha hakuitumia, au aliitumia kwa woga. Ninayoithamini mimi ni ile ambayo kifundo chake kimelika upande mmoja kwa sababu kidole gumba cha mtu fulani kilipita hapo miaka ishirini. Nilishawahi kuwa na moja ambayo kwenye kipimo cha umbali, kile kibati chenye mita na alama ya milele, mtu alikuwa amechora mstari mwembamba kwa sindano baina ya mita 3 na mita 5. Hakuna kitabu kitakachokueleza ule mstari. Nimeuwaza mara nyingi. Huenda ulikuwa umbali kati ya meza yake ya jikoni na kiti cha mama yake. Huenda ulikuwa upana wa chumba alichowapigia picha wateja. Mwenye duka aliniuzia kwa bei pungufu, akasema imeharibiwa.

Tena kuna wachinjaji. Lenzi nyingine za zamani zina soko kwa wanaozifunga kwenye kamera za kisasa, kwa hiyo mtu hununua kamera nzima, hufungua pete ya nyuma, huchukua lenzi na shata yake, na mwili huuzwa kama pambo la kabatini, kipofu, mdomo wazi. Niliwahi kununua kwa njia ya posta kamera iliyotangazwa na Heliar yake. Ilipofika, Heliar ilikuwepo, lakini bamba la kuibebea lilikuwa limetobolewa upya kwa msumeno, na kipimo cha umbali kilikuwa cha lenzi nyingine. Mwili na jicho havikuzaliwa pamoja. Kila sura niliyoipima ilitoka na ukungu. Muuzaji alinijibu kwamba vipande vyote ni halisi, na alikuwa anasema kweli: vipande vyote vilikuwa halisi. Uwongo ulikuwa kwenye kuunganishwa kwake.

Katika orodha za minada kuna aina moja ambayo mimi, mtu wa pwani, siwezi kuipita kimya. Inaitwa Tropen, yaani ya nchi za joto. Ica, Ernemann, Goerz, Contessa-Nettel, zote zilitengeneza za kwao. Badala ya mbao nyepesi iliyobandikwa ngozi nyeusi, mwili wake ni msaji mtupu uliopigwa vanishi, umekazwa kwa skrubu na pembe za shaba, na mikunjo ni ya ngozi ya kahawia au nyekundu. Gundi huachia kwenye joto na unyevu, ngozi huota ukungu, mbao nyepesi huvimba, lakini msaji hustahimili. Sisi tunaujua msaji, maana ndio mbao za majahazi na za milango mingi ya Mji Mkongwe. Mara ya kwanza kuiona Tropen kwenye kabati la kioo nilisimama hapo muda mrefu. Ilikuwa nzuri kupita kiasi. Shaba imeiva, mbao ina rangi ya asali. Na bei yake ilikuwa mara kumi ya dada yake mweusi.

Baadaye ndipo nilipojiuliza: ilitengenezwa kwa ajili ya kwenda wapi? Sehemu ya jibu ni kwetu. Tangu 1885 hadi Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walikuwa Afrika Mashariki, na picha walizotuachia ni nyingi mno. Zile za Walther Dobbertin, aliyepiga picha kwenye koloni hilo mwanzoni mwa karne ya 20, zimehifadhiwa kwenye nyaraka za taifa za Ujerumani, na tangu 2008 nyingi zinaonekana kwenye intaneti na kila mtu. Nimezitazama usiku mwingi. Bandari, reli, maaskari kwenye mistari, wapagazi, wanawake wamesimama barazani. Mwanga ni ule ule ninaoujua mimi, wa alasiri, unaopiga ukuta wa chokaa ukarudi usoni. Na chini ya picha, mara nyingi mno, maelezo yanataja kazi au kabila: askari, mpagazi, mwanamke wa Kiswahili. Jina hakuna.

Mtu yule aliombwa asimame. Akasimama. Kamera za mabamba, kama nilivyoeleza, humlazimu mpiga picha aonane na mtu wake macho kwa macho. Kwa hiyo walionana. Mpiga picha angeweza kujua huyo ni nani, angalau kwa kuuliza, na ingemgharimu nukta moja kuandika jina kwenye pembe ya bamba. Nafasi ilikuwepo, sentimita 108 za mraba. Sitaki kumhukumu kila aliyepita pwani yetu na kamera mkononi. Lakini nikiona Tropen mnadani ikisifiwa msaji na shaba, huwa natamani kwenye orodha ile kuwe na mstari mmoja zaidi unaouliza ilimpiga nani picha. Wajukuu wa yule mwanamke wa barazani huenda wako Bagamoyo au Pangani sasa hivi, na huenda wameshaipita picha yake kwenye simu bila kujua kwamba huyo ni bibi yao.

Nyumbani kwetu Tanga picha hazikuwa nyingi. Zilikaa kwenye bati la biskuti juu ya kabati, na kutolewa ilikuwa shughuli: kwanza unanawa mikono. Picha moja ya bibi yangu ilipigwa studio, amekaa kwenye kiti cha mianzi, mkono mmoja juu ya meza yenye maua ya karatasi. Picha zetu zilisomwa pande mbili. Ukishaitazama sura unaigeuza, na nyuma kuna maandishi ya wino: kwa ndugu yangu fulani, pokea picha hii iwe ukumbusho, kisha jina, mji na tarehe. Hata asiyejua kuandika alimwomba mwenziwe amwandikie. Picha isiyo na maandishi nyuma ilihesabiwa haijakamilika, kama barua isiyo na salamu. Bibi akiulizwa hii ni ya thamani gani angecheka, kwa sababu ilikuwa imeandikwa kwa mtu, na kitu kilichoandikwa kwa mtu hakina mnunuzi wa pili.

Nadhani niliibeba desturi hiyo hadi Elbe bila kujua. Maana pale mezani sikumuuliza mzee kama shata ni nzima. Nilimuuliza, "Mzee wangu, hawa ni akina nani?"

Akanitazama. Nadhani hakuna mnunuzi aliyewahi kumuuliza. Akavua glavu moja, akachukua bamba la kwanza na kulielekeza angani. "Huyu ni babu," akasema. "Hapana, babu ndiye aliyepiga. Huyu ni kaka yake." Akachukua la pili. Kulikuwa na mabamba kumi na moja, na tulikaa juu yake karibu saa nzima. Wateja walikuja, wakatazama, wakaenda zao. Babu alikuwa karani wa posta. Kamera aliinunua kwa akiba, na bibi hakumsemesha siku kadhaa. Alipiga picha Jumapili tu, na hakuwahi kupiga zaidi ya vikasha vilivyokuwemo mkobani. Mbwa aliyetokea kwenye mabamba mawili aliishi miaka kumi na sita. Yote haya mzee alikuwa nayo kichwani, na alikuwa tayari kumpa mtu wa fremu avikwangue, kwa sababu watoto wake hawavitaki na hakuna mtu aliyemwambia kwamba vina maana kwa mwingine.

Nikamwambia nitanunua vyote vitatu, kwa sharti moja. Nikamnunulia bahasha kwenye kibanda cha jirani, nikampa penseli. Akaandika kwa mkono wa polepole, bamba moja bahasha moja, jina, uhusiano, mahali. Alipofika kwa mwanamke wa baiskeli alisita. Aliinua bamba mara tatu. Akasema uso anaujua, lakini kwenye negativu watu wote wa ukoo wao wanafanana. Bahasha hiyo ikabaki tupu. Alinipa anwani yake, akapunguza bei bila kuombwa, na akanifungia boksi kwa uzi ule ule.

Picha ya bamba husafishwa kwa urahisi kuliko watu wanavyodhani. Huhitaji mashine ya kukuza. Unabana karatasi na bamba chini ya kioo, unaliwashia taa sekunde chache, unaitia karatasi kwenye dawa. Mwanamke wa baiskeli alijitokeza polepole kutoka kwenye weupe, kwanza gurudumu, kisha nywele, ambazo sasa zilikuwa nyeusi, mwisho uso. Alikuwa amezuia kicheko. Kwenye kona ya chini kulikuwa na kivuli cha mtu aliyesimama, viwiko vimetanuka: karani wa posta mwenyewe, jua likiwa mgongoni. Niliipenda picha ile kuliko kamera, kuliko lenzi, kuliko jina lolote lililogandamizwa kwenye ngozi. Nikamtumia mzee nakala.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Ameshamjua. Nyuma ya picha, maana aliirudisha ile ile na kunitaka nimtumie nyingine, alikuwa ameandika jina kamili kwa penseli, na baada ya jina neno moja: Tante.

Nilikaa na bahasha na kalamu, na sikuweza kuandika. Huwa naandika kila bahasha kwa Kijerumani, kisha chini kwa Kiswahili, ili atakayerithi vitu hivi kwetu aweze kusoma. Kwa Kijerumani Tante inatosha. Kwetu haitoshi. Dada wa baba ni shangazi, na dada wa mama ni mama. Nikamwandikia tena, nikamwomba radhi kwa usumbufu, nikamuuliza: je, ni wa upande wa baba au wa mama? Akajibu kwa kadi ya posta, nadhani akishangaa: dada wa mama. Hapo nikaona aibu, maana bado sikuweza kuandika. Nikatuma barua ya tatu kuuliza kati ya yule mwanamke na mama wa mzee nani alitangulia kuzaliwa.

Kadi ya mwisho ilifika mwezi Machi. Alikuwa mkubwa, miaka minne mbele, na ndiye aliyemfundisha mama wa mzee kuendesha baiskeli ile. Nikatoa bahasha. Chini ya jina lake nikaandika kwa wino: mama mkubwa.